Sabuni Chini ya Pejo

Alhamisi ya tarehe ishirini na sita Oktoba 1978, Inspekta Namegabe aliingia garaji ya Modeste kule Mabanga, mjini Goma, akiwa amebakiwa na siku mbili tu. Jumamosi, familia ya Mulumeoderhwa ingefanya matanga. Mtu wao amekufa maji, walisema, na maiti hakuna. Siku hiyohiyo, vichwa vikishanyolewa na pombe ikishanywewa, wazee wangemkabidhi mjane Léocadie kwa shemeji yake Bulonza, amrithi yeye, watoto wake wawili na gari. Ndivyo walivyozoea kwao, upande wa Bukavu, na hakuna aliyeona kosa. Aliyekataa ni mmoja tu, Léocadie mwenyewe, na sasa alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa garaji, nywele hazijasukwa wiki tatu, anaitazama Pejo 404 ya kijivu ya mumewe Honoré.

Tuseme ukweli, kwa wakubwa kesi ilikuwa imekwisha. Bulonza alikuwa ameileta Pejo polisi Jumanne, ikivutwa na lori, na maelezo yake yalinyooka vizuri mno. Kaka yake aliondoka Jumatatu, tarehe mbili, kwenda Rutshuru kwa kazi ya kampuni yake ya kahawa. Mvua ilikuwa inanyesha, darajani kuna utelezi, gari likaingia mtoni. Wiki tatu baadaye wakulima wakaliona, wakalitoa kwa kamba. "Mufungue mulango, mujionee," Bulonza alisema, na mlango ulipofunguliwa maji yalimwagikia viatu vya mkubwa wa Namegabe, viatu vipya. Mkubwa hakutaka ushahidi mwingine. Alimwambia Namegabe aandike kifo cha maji, kisha aende nyumbani.

Namegabe hakwenda nyumbani. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama yake ndiye aliyesema hivyo, na mama huyo ndiye peke yake aliyebaki kumwita Télesphore, maana miaka ile serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, na kwenye karatasi za Zaire kila mtu alikuwa na jina la mababu tu. Kilichomwasha ni kitu kidogo. Maji yale yalinuka zulia lililooza, lakini yalikuwa meupe, hayana tope. Mto Rutshuru wakati wa mvua ni uji wa udongo.

"Tuanze na oili," akamwambia Modeste.

Fundi Modeste, mtoto wa wafuga ng'ombe wa Masisi, hakuwa mtu wa maneno. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, inavutika.

"Moteri yenye kunywa mayi, oili yake inageuka maziwa," alisema. "Hii iko muzuri."

"Bulonza atasema ni nyuma tu ilizama, pua ikabaki inje."

"Anaweza kusema."

"Washa basi."

Modeste aliunga betri yake, akazungusha ufunguo. Moteri ilikohoa mara moja, ikawaka. Na pale mlangoni Léocadie akasimama wima, mkono umeshika kitenge kifuani, uso umefunguka wote. Kwa miaka kenda sauti hiyo ilikuwa inamwambia mumewe yupo kwenye kona ya mtaa wao, Mapendo, apashe chakula. Alisimama hivyo mpaka Modeste alipozima, kisha akakaa polepole, akatazama pembeni. Namegabe alijifanya anaandika. Haikuwa kazi yake kuona vile, lakini aliona, na ilimuuma.

"Bado haijatosha," alisema. "Moteri inaweza kukauka hata kwa siku mbili. Tazama chini."

Hapa mgeni aelezwe. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake ni jeusi, jembamba, linaingia hata ndani ya yai. Chini ya kila gari kiwanda huacha vitundu sakafuni ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Lakini hao wenye kiwanda hawakuwahi kuishi Goma. Madereva wetu wanaona vile vitundu, wanaona vumbi linapanda kupitia hapo mpaka kwenye pua zao, basi wanaviziba vyote kwa sabuni ya kufulia, ile ngumu ya kipande. Vumbi linakoma. Kuhusu maji, kila mtu anajiambia kwamba hayataingia.

Modeste alijitelezesha chini ya Pejo kwa mgongo. "Vitundu vyote vine vimezibwa," sauti yake ilitoka huko chini. "Ni mimi niliviziba, mwezi wa saba. Honoré alileta sabuni yeye mwenyewe. Nisukume?"

"Usisukume. Kata kwa kisu, polepole, itoke nzima."

Kipande cha kwanza kilitoka. Namegabe alikiweka juu ya gazeti, akakigeuza kwenye mwanga. Upande wa juu, ule uliokuwa unatazama ndani ya gari, ulikuwa umelainika, utelezi mtupu, nusu umeliwa. Upande wa chini ulikuwa mkavu na mgumu, vumbi jeusi la Goma limegandia juu yake. Katikati ya vumbi kulikuwa na alama ya kidole gumba, kila mstari unaonekana.

"Leta kidole chako," Namegabe alisema.

Modeste alitoka chini ya gari, akaweka gumba lake kwenye ile alama. Likakaa sawasawa. Alitazama sabuni, akatazama gari, akacheka kwa pua.

"Wiki tatu mu mto," alisema. "Sabuni gani hiyo? Niuzie kartoni moja."

"Mto ungeanza kula upande wa chini. Upande huu haukuguswa hata na tone." Namegabe alimgeukia mwanamke. "Mama Léocadie, hii gari haikuingia mtoni hata siku moja. Mayi ilitoka juu, ikashuka, ikakosa pa kutokea."

Léocadie alikuwa amekwishasimama. "Kwa hiyo hakuzama."

"Gari haikuzama. Juu ya yeye, bado sijui. Sitaki kukudanganya."

"Njo neno ya kwanza munaniambia tangu Jumanne bila kuniambia pole," alisema Léocadie. "Muendelee."

Sasa swali likawa, juu wapi? Modeste hakuwa na shaka. Mpira wa parabriz, kile kioo cha mbele, ulikuwa na ufa upande wa kulia, urefu wa kidole, na yeye alikwisha kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili auzibe. "Ni hapo," alisema. "Siku zote ni hapo."

Namegabe alimwambia asubiri. Aliagiza unga wa fufu kutoka soko la Mabanga, robo kilo. Walimwaga maji yote, wakang'oa mazulia, wakakausha sakafu na kingo kwa matambara, kisha Namegabe akapaka unga mkavu kuzunguka parabriz kwa ndani, kwenye nguzo zake, na kwenye pembe za sakafu. Unga mkavu ni mweupe, ukilowa unageuka kijivu, hauwezi kuficha kitu. Yeye akakaa kiti cha dereva na milango ikafungwa, isipokuwa Léocadie alifungua wa kulia, akaingia bila kuuliza ruhusa.

"Hii ni nafasi yangu," alisema.

Modeste aliufunga mlango wake kwa nje.

"Anza chini," Namegabe alimwambia Modeste. "Ukianza juu, mayi itatiririka kila mahali, itatudanganya."

Modeste alimimina bidon ya kwanza ya maji kwenye kizingiti cha mlango. Unga ukabaki mweupe. Bidon ya pili, kwenye vioo vya milango. Mweupe. Ya tatu aliimimina mwenyewe kwa furaha, polepole, juu ya ule ufa wa parabriz, mpaka ikaisha. Ndani, watu wawili waliinama mpaka pua zikakaribia unga. Mweupe kama ulivyotoka dukani. Modeste aliposikia hivyo alinuna, akaenda kuchota tena.

Bidon ya nne aliipandisha juu ya paa. Ile Pejo ilikuwa na kidirisha cha paa kinachofunguka, anasa ya siku za jua, na maji yakazunguka kingo zake. Walingoja. Namegabe alihesabu kimya mpaka sitini. Kisha Léocadie akasema, bila kupandisha sauti, "Hapa. Ku miguu yangu."

Kwenye nguzo ya kulia unga ulikuwa umepasuka mstari wa kijivu, unashuka kutoka juu, na chini ya miguu yake dimbwi dogo lilikuwa linakua.

"Kidirisha kina mifereji," Modeste alisema baada ya kuchungulia. "Mayi inaangukia pale, inashuka kwa kamrija ndani ya nguzo, inatokea chini ya gari. Kamrija ikizibwa, mayi inarudi ndani."

"Haiwezi kuzibwa," alisema Léocadie. "Honoré alikuwa anaisafisha kila Jumapili na nyoya la kuku. Na Jumapili ile ya mwisho aliisafisha. Mimi njo nilimushikia ngazi."

Namegabe aliandika hilo, akapiga mstari chini yake. Modeste alinyoosha njiti ya gurudumu la baiskeli, akapinda ncha yake kuwa ndoano, akaipenyeza kwenye mdomo wa kamrija. Alizungusha, akavuta. Kikatoka kizibo kilichoshikamana, urefu wa nusu kidole, na nyuma yake maji yakanyonywa kwa mlio mmoja. Namegabe alikifumbua kwenye gazeti kwa ncha ya kalamu. Vijani vidogo sana, mamia. Na petali zilizooza, lakini rangi bado inajulikana, zambarau.

"Jakaranda," alisema.

Alikaa juu ya ndoo akafikiri, na mtu angeweza kuyasoma mawazo yake moja moja. Tarehe mosi, Jumapili ile, kamrija ilikuwa safi. Jakaranda zimechanua mwezi huohuo. Kwa hiyo gari limekaa chini ya mti huo baada ya Honoré kuondoka, tena siku nyingi, mvua juu ya mvua. Darajani Rutshuru kuna matete na migomba. Mabanga na Mapendo kuna mawe na mabati. Jakaranda kubwa za Goma ziko kwenye nyua za nyumba za zamani za wazungu, kando ya ziwa. Alifungua daftari kwenye maelezo ya Jumanne, akashusha kidole mpaka mstari wa tatu. Bulonza, miaka thelathini na moja. Kazi: mulinzi wa villa, barabara ya ziwa.

"Modeste, nakuachia gari," alisema. "Upulize mirija yote. Na hiyo sabuni usiirudishe."

"Vumbi je?"

"Utajua wewe."

Modeste alikuwa tayari anatazama kile kipande cha mpira wa baiskeli alichokikata bure. Angekikata vipande vinne, abandike kila kimoja upande mmoja tu chini ya kitundu, kining'inie. Maji yakisukuma kutoka juu, kinafunguka, na vumbi likisukuma kutoka chini, kinajifunga. Miaka kumi ya sabuni, na hakuwahi kufikiri hivyo.

Léocadie alipanda nyuma ya pikipiki ya inspekta kabla hajaalikwa.

Ile nyumba ilikuwa ya mkulima mmoja aliyerudi Ulaya mwaka wa sabini na tatu, mashamba yalipotaifishwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Uani palikuwa na jakaranda mbili, na nyasi chini yake zilikuwa zimefunikwa na maua, isipokuwa pahali pamoja. Hapo, urefu wa gari na upana wa gari, maua yalikuwa machache, ya siku mbili hivi, na nyasi zilizoonekana zilikuwa za manjano kwa kukosa jua.

Bulonza alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa kijana nadhifu, na kwenye mkono wa shati alikwisha shona kitambaa cheusi cha matanga. Alipomwona shemeji yake alivua kofia.

"Gari gani ilikaa hapa?" Namegabe aliuliza.

"Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba alienda miaka tano iliyopita."

 Namegabe alifungua kiberiti alichokuwa amewekea kile kizibo, akakiweka kwenye ngazi ya nyumba.

"Hii ilitoka ndani ya Pejo ya kaka yako. Ku mto Rutshuru hakuna jakaranda. Na sabuni ya chini ya gari iko kavu. Kwa hiyo usiniambie tena habari ya daraja. Niambie kitu kimoja tu. Ulimuua?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Bulonza aligeuzageuza kofia mikononi. "Yuko muzima," alisema. "Alikuwa muzima."

Léocadie alikaa chini, palepale, juu ya maua.  Alifunika mdomo kwa viganja viwili na kungoja.

Basi Bulonza akasema. Ijumaa kabla ya Jumatatu ile ya safari, kazini kwa Honoré, watu wa chama tawala walikuja kuona wafanyakazi wakicheza na kumwimbia Kiongozi wa nchi. Honoré alibaki amekaa, akasema goti linamuuma, na kuna mtu alicheka. Jina lake likaandikwa. Jumatatu asubuhi rafiki mmoja alimwonya kwamba wanakuja kumchukua.

Namegabe alifunga kalamu yake, akaitia mfukoni.

"Hiyo sikuisikia," alisema. "Endelea."

"Alikuja hapa na gari. Haingepita ku barieri ya mupaka, ingemuuza. Akaiacha, akavuka kwa miguu na bamama wenye kwenda sokoni Gisenyi, Rwanda. Akanipa ufunguo. Akanipa neno ya kupelekea Léocadie."

"Na haukumupelekea."

"Jumapili ya kwanza nilifika mpaka ku mulango yao, Mapendo. Nikasikia anaimbia mutoto. Nikarudi." Alisema haya akimtazama inspekta, hakuthubutu kutazama chini. "Muzee, mimi njo nilimuona wa kwanza. Kanisani, mu kwaya. Nilikuwa mudogo, nikaona haya, nikamutuma kaka yangu aniongelee kwao, kama vile kaka mukubwa anafanyaka. Alienda kuniongelea, akarudi ameposa yeye mwenyewe. Miaka kenda nakula ku meza yao kila Jumapili. Miaka kenda anaweka sahani mbele yangu, na mimi nasema aksanti, dada."

"Na mto?"

"Sikuwa na mpango. Jumatatu ya wiki hii nilifungua gari, mayi ikamwagika ku miguu yangu, nyingi. Nikajiambia, mutu yoyote akiona hivi atasema mutu amezama. Nikakodi lori."

 Namegabe alikuwa amekamata wezi na wauaji, na alijua cha kuwafanya. Kwa huyu alijaa hasira hadi vidoleni, na bado alimwelewa, na kumwelewa kulimwongezea hasira.

"Jumamosi hakuna matanga," alisema. "Wewe mwenyewe utaenda kuwaambia wazee, leo, kwamba daraja ni uongo wako. Mengine usiyaguse. Ukiyagusa, utamuuza kaka yako mara ya pili."

Bulonza aliitikia kwa kichwa. Alianza kung'oa kile kitambaa cheusi, uzi kwa uzi.

"Neno," alisema Léocadie.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu wafike. Bulonza alichuchumaa ili awe chini kama yeye.

"Alisema, Jumapili tatu. Kila Jumapili, misa ya pili ikiisha, atasimama mbele ya kanisa ya Gisenyi. Uache batoto kwa mama yako, uje, mutapanga namna ya kuishi. Alisema hatakulazimisha. Maisha ya ukimbizi ni mubaya, na wewe uko na wazazi hapa. Alisema kama Jumapili ya tatu haukuja, atajua umekataa, hatakukasirikia, ataendelea mbele na njia, mbali, hatakusumbua."

Léocadie alihesabu kwa vidole, taratibu. Tarehe nane. Tarehe kumi na tano. Tarehe ishirini na mbili. Kidole cha tatu alikishika asikiachie.

"Misa ya pili," alisema. "Saa ile mimi nilikuwa kanisani hapa Goma. Jumapili zote tatu. Nilipiga magoti mbele kabisa, nikaomba Mungu anionyeshe pale alipo."

 Kutoka pale uani mtu akisimama wima aliweza kuona paa za Gisenyi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

"Barieri inafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili," alisema Namegabe, akatazama saa. Ilikuwa inaelekea kumi na moja na nusu. "Mama, leo ni Alhamisi. Hatakuwa pale."

"Najua."

"Amekwisha enda siku nne."

"Najua, papa inspekta, nimehesabu." Alisimama, akapangusa maua kwenye kitenge, akakifunga upya, akakaza. "Nataka wanionyeshe pahali alikuwa anasimama. Kuna mutu anauza ndizi pale, kuna mutu anafagia kanisa. Alisimama Jumapili tatu, hawawezi kukosa kumuona. Wataniambia Jumapili ya mwisho alishika njia gani."

Akatoka langoni kwa miguu, upande wa mpaka. Namegabe aliisukuma pikipiki hadi barabarani na kuiwasha ili ampakie Léocadie, kwa sababu kwa miguu, hata kwa haraka namna ile, asingewahi kwenda na kurudi kabla ya saa kumi na mbili.